Kucha Tatu Nyekundu

Shangazi alikuwa na kitendawili ambacho hakukitega mbele ya wanaume. Alimtegea binti wa kaka yake peke yake, mikono yao ikiwa ndani ya maji ya vyombo. "Nina mgeni nyumbani, sijampa hata tonge, na kila siku ananenepa." Binti akajibu panya. Akajibu kupe. Akashindwa, akampa shangazi mji, na shangazi akaenda katika mji huo, akala, akanywa, akarudi, ndipo akatoa jibu: wivu.

Wakati ule binti alikuwa na miaka tisa, akacheka. Sasa ana ishirini na sita, na mgeni yule alikuwa ameingia kifuani mwake tangu Jumanne.

Watu wa mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake, na kwa kuwa ulimi wake ukishaanza kuchoma hauulizi nguo ni ya nani. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazamana na uwanja wa gereji, barabara ya vumbi ikiwa katikati, na ng'ambo ya barabara alikuwapo mchumba wake, fundi wa rangi za magari. Huyo walimwita Msasa kwa ajili ya viganja vyake. Ukipeana naye mkono ulirudi nao nyumbani umekwaruzika. Lakini Sindano alivipenda viganja vile. Alisema ndivyo pekee duniani vinavyokwama kwenye nywele zake bila kuumiza.

Walikuwa wameahidiana mwaka wa pili sasa, na kilichobaki kilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo mama yake Msasa alikuwa aje kwa shangazi pamoja na mjomba wa kijana, walete posa. Kumfikisha mama hapo kulimtoa Msasa jasho. Mama hakumtaka Sindano, wala hakuficha. Alikiri kwamba binti ni mchapakazi na ana heshima, ila ana wivu, na wivu wenyewe mama aliushuhudia kwa macho yake mwaka uliopita, pale Sindano alipommwagia ndoo ya maji miguuni msichana wa duka la dawa. Kosa la msichana lilikuwa kumfunga Msasa bendeji kidoleni taratibu mno. Mke wa hivyo, mama alisema, atamfukuzia mwanangu wateja mpaka abaki anapaka rangi mikokoteni. Mwisho alikubali, kwa sharti: likitokea jingine kama lile, posa hakuna, na mwanawe asije kumbembeleza tena.

Sindano alilijua sharti. Msasa mwenyewe alimweleza, akiwa ameushika mkono wake kwa mikono miwili, akamwomba avumilie mpaka Jumapili.

Basi siku hiyo ya Jumanne Msasa alimletea ovaroli yake amshonee mfuko. Mfuko wa kulia ndio uliochanika. Katika mfuko wa kushoto Sindano alikuta chupa tatu ndogo za rangi ya kucha. Zote nyekundu, ila si nyekundu moja: ya kwanza ilikuwa damu ya mzee, ya pili nyekundu ya nyanya, ya tatu ilikuwa na vumbi la kumetameta ndani yake. Sindano hapaki kucha. Fundi cherehani akipaka kucha, nguo za watu ndizo zitakazovaa rangi hiyo. Na Msasa alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Akazirudisha chupa mfukoni, akashona, akangoja. Jioni Msasa alikuja kuchukua ovaroli. Kabla hajatazama mfuko ulioshonwa alipapasa ule mwingine, haraka haraka, kama mtu anayehakikisha ufunguo wake upo. Akashukuru, akamsifia mshono, akaenda zake. Yeye hakusema, Sindano hakuuliza. Hapo ndipo mgeni alipovua viatu akakaa.

Jumatano saa sita mchana, gari dogo jekundu liliingia uwanjani. Akashuka mwanamke wa rika la Sindano, blauzi nyeupe iliyonyooshwa, sketi ya mtu anayekwenda kazini. Sindano alimwona kupitia dirishani, pini saba zikiwa mdomoni na gauni la mteja mapajani. Aliona Msasa akifuta mikono. Msasa, ambaye hata mwenye malori manne hajawahi kumfutia mikono, alifuta mikono kwa kitambaa, mbele na nyuma. Kisha akashika mkono wa yule mwanamke.

Hakuushika kwa salamu. Aliushika kwenye vidole, akausogeza mpaka kwenye mlango wa gari, akauinua juani, akauinamia karibu kana kwamba anataka kuunusa. Akaugeuza. Akashika kidole kimoja, akakiacha, akashika cha pili. Mwanamke akacheka, Msasa naye akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega ambacho Sindano alidhani kina mwenyewe. Na kutoka ng'ambo ya barabara aliziona kucha za mwanamke yule. Nyekundu.

Ni bahati tu hakumeza pini.

Lakini hakutoka. Alijikaza, akajiambia Jumapili, Jumapili, kama mtu anayehesabu hatua kwenye ngazi ya giza. Alishona mstari mmoja, akaufumua, akaushona tena. Msasa akaitwa na mwenye gereji ndani. Yule mwanamke akaliondoa gari juani, akaliegesha kivulini, ubavuni mwa ukuta wa chumba cha Sindano, akaenda kutoa nakala za karatasi zake duka la pili.

Sindano alitoka kukung'uta nyuzi kwenye aproni. Kweli, hilo ndilo alilotokea. Ila mkononi alikuwa na kigurudumu chake chenye meno, kile ambacho mafundi cherehani hukibiringisha juu ya karatasi ili alama zihamie kwenye kitambaa. Akapita kati ya gari na ukuta, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mkono ukatangulia, akili ikaja nyuma ikihema. Kigurudumu kilipita kutoka taa ya nyuma mpaka kitasa cha mlango wa mbele, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesaga meno usingizini.

Alirudi ndani, akaketi. Kwa pumzi mbili tatu alijisikia mwepesi kama pamba. Pumzi iliyofuata ikaja na hofu, na hofu ile ikalala naye.

Alhamisi asubuhi gari lilirudi. Sindano alilisikia kabla hajaliona. Alibaki na kichwa chini, akikanyaga cherehani ambayo haikuwa na uzi. Baada ya muda kivuli cha Msasa kikaanguka juu ya meza yake. Alisimama mlangoni bila kuingia, akamwambia ana kazi ndefu, mwenzake wa gereji hakuja, akamwomba amshikie karatasi za kuzuia rangi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, au ilijitahidi kuwa ya kawaida. Sindano angekataa vipi? Kukataa kungekuwa kusema.

Mwenye gari alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alimpa Sindano mkono, akamwita dada, akamwomba radhi kwa kumsumbua kazini. Macho yalikuwa yamemvimba. Alieleza yote kwa mkupuo, kama mtu ambaye hajapata wa kumweleza: gari ni la kaka yake, ambaye amesafiri na atarudi Jumamosi, ndilo analompeleka nalo mama yao kliniki, jana jioni alipofika nyumbani ndipo alipoona upande huu umechanwa. Usiku alijaribu kusugua kwa dawa ya meno, aliwahi kusikia inasaidia. Haikusaidia, ila gari zima lilinuka mdomo uliopigwa mswaki.

Sindano alisikia harufu hiyo. Wakati mwingine wowote angecheka.

Msasa alieleza bila kumtazama yeyote. Dawa ya meno ni ya michubuko ya juu juu, ile ambayo ukiimwagia maji inapotea machoni. Alimwaga maji. Mstari ulibaki pale pale, mweupe, na mahali pengine bati lenyewe lilichungulia. Akapitisha ukucha wa kidole gumba. Ukucha ulizama. Kupaka rangi upande mzima, alisema, ni kazi ya gharama ambayo mwalimu hana haja nayo. Watafuata mstari wenyewe tu: wausafishe, waujaze puti nyembamba, wausugue kwa maji mpaka mkono usijue ulipo, ndipo wapake rangi kidogo kidogo kwa brashi ndogo, na juu yake vanishi. Mtu akisimama hatua mbili hataona kitu. Akipiga magoti ataona, lakini kaka wa watu hana sababu ya kulipigia gari magoti.

Wakaanza. Sindano alibandika karatasi na gundi juu na chini ya mstari. Msasa alisugua kwa msasa uliolowa maji ya sabuni, mwalimu akimwagia taratibu kwa kopo. Kila mwalimu alipoinama, bega lake lilikaribia bega la Msasa. Ajabu ya mgeni yule: mwenye nyumba anajua kabisa kwamba yeye ndiye mkosaji, na bado anapima kwa macho nafasi kati ya mabega mawili. Vidole viwili. Kidole kimoja na nusu.

Kisha akaziona kucha za mwalimu kwa karibu. Zilikuwa tatu tu zilizopakwa, za mkono wa kulia, na kila moja rangi yake. Damu ya mzee, nyekundu ya nyanya, ya kumetameta. Nyingine zote zilikuwa tupu.

Mwalimu aliona anavyotazama, akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Usinishangae, dada. Huyu fundi wako ndiye kanifanya kituko. Wanafunzi jana wameniuliza kama rangi iliniishia."

"Rangi ya kucha ya nini?" Sindano aliuliza.

Mwalimu akaeleza. Wiki iliyopita alikwangua mlango wa dereva kwenye geti la shule, mkwaruzo wa urefu wa kidole. Fundi akamwambia kuchanganyisha kopo zima la rangi kwa mstari mdogo hivyo ni kutupa fedha, rangi ya kucha inatosha, ilimradi ifanane. Akatafuta chupa tatu. Lakini ukiijaribu kwenye karatasi, inakauka imefifia. Kwenye ukucha inang'aa kama inavyong'aa kwenye bati. Ndiyo sababu akaomba apewe kucha tatu; mwalimu akapita jana alfajiri zikapakwa, na mchana, zikiwa zimekauka, fundi akazisogeza moja moja kwenye mlango juani mpaka akapata inayofanana. Ilikuwa ile ya nyanya.

"Nikamwambia, si una mchumba, ungeazima kucha zake," mwalimu aliendelea. "Akasema mchumba wake ana jicho ambalo hata nyuzi nyeusi mbili linazitofautisha, angeipata rangi hiyo kwa kutazama mara moja. Lakini eti akimpelekea chupa za rangi ya kucha, kabla hajafungua mdomo atakuwa ameshaulizwa amezinunulia nani."

Msasa alikuwa anakoroga puti kwenye kipande cha kioo. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko gari.

Sindano alitamani ardhi ipasuke, lakini uwanja wa gereji ulikuwa umeshindiliwa vizuri. Alishika karatasi. Msasa akapita na puti kwa kadi ya plastiki, akaijaza mifereji ile midogo, akafuta iliyozidi. Alipofika katikati ya mlango wa nyuma mkono wake ulisita. Pale kigurudumu kilikuwa kimeruka, na badala ya mstari palikuwa na vinukta, vidogo, sawasawa, kama njia ya sisimizi. Msasa alivitazama. Sindano alimtazama akivitazama. Halafu Msasa akavifunika kwa puti, haraka, mwendo mmoja tu.

Alijua. Maji yalipomwagwa tu, alijua. Mkwaruzo hauna mdomo, lakini mbele ya fundi husema yote, kuanzia chombo mpaka urefu wa aliyekishika.

Mwalimu akamuuliza kitu gani kinaweza kuchana hivi. Msasa akasema hajui, vitu ni vingi.

"Mimi najua," alisema mwalimu. "Ni bikari. Kuna msichana wa darasa la sita nilimnyang'anya bikari yake Jumatatu, alikuwa anachora nayo dawati. Jana mchana gari lilikuwa uwanjani pa shule. Nilimwita leo asubuhi. Anaapa, analia, anasema hata karibu na gari hakufika. Machozi ya muongo kabisa. Kesho saa mbili nampeleka kwa mwalimu mkuu. Ana onyo tayari, huyu ataondoka."

Puti hukauka kwa dakika ishirini hivi, na katika dakika hizo hakuna cha kufanya ila kungoja. Mwalimu alikaa kwenye tairi. Msasa alisafisha kadi ambayo ilikuwa safi. Akamtazama Sindano mara moja tu, na jicho lile halikumwomba kusema, wala halikumwomba kunyamaza. Lilikuwa jicho la mtu aliyebeba mzigo mpaka nusu ya njia na hajui pa kuutua.

Sindano aliiona Jumapili yake. Aliiona kabisa, shangazi katika gauni la bluu, viti vilivyoazimwa, mjomba akikohoa kabla ya kuanza maneno. Akaliona na darasa, na mtoto asiyemjua, na mkoba wake. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni.

"Si bikari, mwalimu."

Akakiweka kigurudumu juu ya boneti. Akasema yote, tangu chupa mpaka ukuta, bila kupamba. Alisema alimwona akishikwa mkono akadhani aliyodhani. Alisema hakuna aliyemtuma, na kwamba Msasa hakuwapo.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikiokota kigurudumu, akakibiringisha kwenye kiganja chake mwenyewe, akavitazama vinukta vilivyobaki kwenye ngozi.

"Yule mtoto aliapa kwa mama yake," alisema. "Nikamwambia mama yako angeona haya." Kisha akamtazama Msasa, kuanzia kandambili zake, ovaroli yenye rangi za magari thelathini, mpaka puti iliyomgandia kwenye nyusi. "Umenichania gari la watu kwa sababu ya huyu?"

"Ndiyo."

"Dada, huyu hata nikiletewa mlangoni na mizigo yake simpokei."

Na hapo, katikati ya aibu yake yote, Sindano alisikia hasira kidogo ikimpanda. Simpokei? Amekosa nini? Aliimeza.

Mwalimu akasimama, akakung'uta sketi. Alisema kesho saa moja na nusu Sindano awe shuleni, na maneno yale yale akamwambie yule msichana mwenyewe, mbele ya darasa lililomsikia akiitwa muongo. Yeye mwalimu naye ana yake ya kumwambia mtoto huyo. Na sasa kazi iendelee, kwa sababu kaka anarudi Jumamosi. Akaenda kukaa kivulini, mgongo akiwapa wao.

Wakabaki wawili na mlango mwekundu. Msasa alisugua puti kwa maji, Sindano akamwagia kwa kopo.

"Nilijua," alisema Msasa.

"Nimeona ulivyojua."

"Nilifikiri nitaziba, nitapaka, ipite. Mpaka Jumapili ipite. Halafu akaleta habari ya mtoto." Alisimamisha mkono. "Nilikuwa natafuta njia."

"Ungeipata?"

Alisuuza msasa kwenye ndoo. Baadaye alisema, "Sijui. Hilo ndilo linalonitisha."

Sindano alimwaga maji pembeni, yakamlowanisha miguu. "Na chupa je? Mbona ulizificha?"

"Nilikuogopa."

Alilisema taratibu, mwanamume mwenye mabega yale, anayelala chini ya malori. Sindano angependa kutukanwa kuliko kusikia neno lile. Tangu Jumanne alikuwa anajiona yeye ndiye aliyefichwa, aliyedanganywa, aliyeonewa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuficha chupa kama mtoto anavyoficha kikombe alichovunja.

"Umechelewa kuniambia," alisema.

"Umechelewa kuniuliza."

"Basi tuko sawa?"

"Hatuko sawa," alisema Msasa. "Mimi sikumchania mtu gari." Lakini aliisogeza ndoo ili Sindano asipinde mgongo kuifikia, na kwa Msasa hayo yalikuwa maneno mengi.

Ilipofika rangi, alichanganya kidogo kwenye kifuniko, akakisogeza mbele yake bila kuuliza. Sindano akatazama kifuniko, akatazama mlango, akasema inataka nyeusi kidogo, kama ncha ya kiberiti. Akaongeza. Bado. Tone jingine. Basi. Msasa akaanza kupaka kwa brashi ndogo, tabaka jembamba, likauke, tabaka jingine, na mstari ukawa unazama ndani ya wekundu kipande kwa kipande.

"Mama atasikia," alisema akiwa amepiga magoti, uso kwenye mlango. "Mtaa huu hauna siri. Ila kwangu hatasikia."

"Najua. Ndiyo maana nakwenda mwenyewe."

Akageuka. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuna aliyekuwa anatafuta kitu kwenye macho ya mwenzake. Msasa aliweka brashi chini.

"Nenda kabla hajaanza kupiga pasi," alisema. "Akishika pasi huwa hasikii mtu."

Mama yake Msasa alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Sindano alimkuta uani, kati ya kamba nne za mashuka meupe, saa kumi alasiri, pasi bado ya baridi. Alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa anajaribu kukunja shuka kubwa peke yake, kidevu kimebana upande mmoja. Shuka la kitanda cha watu wawili halikubali mtu mmoja. Sindano akashika pembe mbili zilizokuwa zinaburuta, akarudi nyuma, na hivyo ndivyo alivyolisema, akiwa mbali, kitambaa kimekazwa kati yao.

Walikunja mara ya kwanza, akawa amefika kwenye chupa. Walikunja tena, wakakaribiana, akasimulia gari. Alipofika kwa yule mtoto wa darasa la sita walikuwa wanaangaliana uso kwa uso, vidole vyao vimegusana kwenye pindo.

Mama hakuchukua shuka.

"Mwanangu kakutuma?"

"Hapana, mama."

"Yeye angesema?"

"Asingesema."

Mama akaendelea kumtazama. Alikuwa na macho ya Msasa, hilo Sindano hakuwahi kuliona, kwa sababu hakuwahi kusimama karibu hivi.

"Na ukimwona tena kashika mkono wa mtu?"

"Nitaungua, mama. Sikudanganyi. Lakini nitavuka barabara nikamuulize."

"Akikudanganya je?"

"Sijui nitafanya nini," alisema.

Mama akaliweka shuka kwenye kapu. Akanyoosha mgongo, akayatazama mashuka yaliyobaki kwenye kamba yakijaa upepo.

"Posa haiji Jumapili," alisema. "Nilitoa neno, na neno langu halirudi tumboni."

"Ndiyo, mama."

"Itangoja mwezi. Kwa shangazi yako nitakuja mwenyewe kueleza, asije akadhani tumewadharau." Akavuta shuka jingine kutoka kwenye kamba, akaanza kutafuta pembe zake. Aliongea akiwa ndani ya kitambaa, kama mtu anayekiambia kitambaa chenyewe. "Na katika mwezi huo kila Alhamisi utakuja hapa unikunjie. Yule kijana wangu, siku hizi kila tonge anakutaja. Alikuwa akija kula ananisimulia mambo yake, sasa ni Sindano kasema, Sindano kacheka, Sindano kaona. Mara nyingine naondoa sahani kabla hajashiba. Nimechoka kukusikia. Nataka nikuone."

Akamrushia upande wa shuka. Sindano akazidaka pembe zote mbili, akarudi nyuma hatua nne mpaka kitambaa kikakaza, akangoja mama aanze kukunja.